Tulivyochambua Kaseti za Mdogo Wangu

Kanisani kwetu Githongo mimi nilikuwa mdomo. Sikuwa mhubiri wala mzee wa kanisa, na kwenye kwaya sikudumu, kwa maana mwalimu wa kwaya aliniomba kwa upole niwe nikiwasaidia kwa maombi. Lakini mgeni yeyote aliyekuja kuhubiri kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyesimama kando yake na kuyageuza maneno yake kuwa Kimeru. Sifa zangu zilikuwa mbili: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nyumbani. Wenzangu waliofaulu kuliko mimi walikuwa wameenda vyuoni na maofisini. Mimi nilifaulu kiasi cha kurudi. Safari yangu ndefu siku hizo ilikuwa kutoka jikoni hadi mwisho wa shamba la kahawa, na hata hiyo niliifanya nikinung'unika.

Mkalimani wa kanisa ana siri ambayo mhubiri hajui: mkalimani hutengeneza. Mgeni akitoa mfano wa theluji, mimi naweka ukungu wa Julai. Akitaja mkate na siagi, naweka nduma za kuchemsha. Akisahau kuwasalimu akina mama, nawasalimia kwa niaba yake, naye anashangaa kuona akina mama wanampungia mkono bila sababu. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa benchi la mbele kabisa, hakukosa neno tukirudi nyumbani.

"Leo mgeni amehubiri vizuri," angesema. "Na wewe pia umehubiri vizuri. Mahubiri mawili kwa sadaka moja."

Nyumbani tulikuwa wawili tu, baba na mimi binti yake. Mama alikuwa ametutoka miaka mitano nyuma. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alikuwa ameondoka, na kuondoka kwake ni lazima nikueleze kwanza, ingawa ni habari ambayo mimi mwenyewe huipita haraka kama mtu anavyopita kwa jirani anayemnunia.

Mdogo wangu alikuwa na gitaa. Alilinunua Meru mjini kwa malipo ya kuchumia watu kahawa msimu mzima, likaja nyumbani limefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga. Alijifunza kulipiga kwa kusikiliza kaseti, na kaseti zenyewe zilikuwa za Wazungu wenye nywele ndefu, muziki wa roki, ule wa ngoma kubwa na sauti za watu waliokosana na mtu. Jumapili moja vijana walipopewa nafasi ya kuimba, yeye akasimama na gitaa lake akapiga wimbo wa kitabuni, wimbo tuliouzoea tangu utotoni, lakini akaupiga kwa mwendo wa zile kaseti. Nikwambie ukweli, vichwa vya akina mama wazee vilianza kutikisika kabla wenyewe hawajakumbuka kuvisimamisha. Lakini wazee wa kanisa wakaketi baada ya ibada, wakamwambia baba kwamba mzee asiyeweza kuinyoosha nyumba yake hawezi kuwanyooshea wengine njia.

Baba akarudi nyumbani. Akachukua shoka.

Siku iliyofuata githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, iliivia juu ya lile gitaa. Nasema iliivia, kama kwamba ilijiwashia moto yenyewe. Mimi ndiye niliyeweka sufuria. Mbao zile zilikuwa kavu, zikashika upesi, na nakumbuka, Mungu anisamehe, nakumbuka nilifurahi kwamba leo kuni hazinisumbui. Mdogo wangu alikuja hadi mlango wa jikoni, akatazama moto, akanitazama mimi, akarudi chumbani. Githeri ile hakuionja. Kufika alasiri alikuwa barabarani na begi lake, anaenda Kiambere, kule Mbeere, ambako siku hizo lile bwawa kubwa la Mto Tana lilikuwa linajengwa na kijana yeyote mwenye mikono alipata kazi.

Ikapita miaka miwili asikanyage nyumbani. Barua alikuwa akiniandikia mimi, fupi, na chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: msalimie mzee. Baba hakuwa akiuliza habari za barua mpaka nimalize kuikunja.

"Barua imesemaje?"

"Imekusalimu."

"Imesema baba, au imesema mzee?"

"Imesema baba," ningejibu, kwa maana mimi ni mkalimani.

Kaseti zake aliziacha katika katoni ya sabuni chini ya kitanda. Nilianza kuzisikiliza ili nimsikie yeye, basi. Baadaye nikawa nazisikiliza kwa sababu zilinikamata. Baba akienda mikutanoni, nilitoa radio nje, nikazianika betri juani kwanza zipate nguvu, nikairudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha na biro ili nisizimalize hizo betri, kisha nikakaa kwenye gunia kuchambua kahawa huku hao Wazungu wakinililia. Nilijiona mjanja sana. Niliona hakuna anayejua.

*

Basi akaja mgeni kutoka ng'ambo kwa mkutano wa juma zima, kuanzia Jumapili hadi Jumapili. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye kutoka jasho hata katika baridi yetu. Na Jumapili ile ya kwanza aliamua kuhubiri juu ya muziki wa roki.

Alisema gitaa la umeme ni mlango wa kuzimu. Sasa, katika upande wetu wote wa Githongo hapakuwa na gitaa la umeme hata moja, na umeme wenyewe ulikuwa unaishia sokoni. Nikaona nitengeneze. Nikasema gitaa, basi, bila umeme. Nilipunguza neno moja tu ili watu waelewe. Na hapo macho yangu yakaangukia benchi la mbele, nikamwona baba anatazama mikono yake.

Mwisho mgeni akasema kwamba siku ya kufunga mkutano kila aliye na kaseti za namna hiyo azilete, moto utawashwa uwanjani. Nami nikayasema hayo kwa Kimeru, tena vizuri kuliko yeye, maana Kimeru ni lugha iliyobarikiwa kwa upande wa vitisho. "Zileteni! Zote! Msibakize hata moja!" Hilo la hata moja niliongeza mimi.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma na Biblia mbili.

"Umesema tuzichome," baba akasema bila kugeuka.

"Si mimi baba, ni mgeni."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi. Hiyo katoni utaileta kesho tukichambua kahawa."

Nilisimama. "Ulijua?"

"Mwanangu, siku hizi unachambua kahawa mguu ukicheza. Mama yako hakuwa akichambua hivyo."

*

Kwa wasiojua kahawa, kuchambua ndiyo kazi inayomtofautisha mkulima na mchumaji. Mnachuma asubuhi, na kabla haijafika kwenye mizani ya faktori, kiwanda cha kumenya kahawa, lazima imwagwe chini na kuchambuliwa punje kwa punje: nyekundu zilizoiva upande huu, mbichi upande ule, na zile zilizokaukia mtini, tunaziita mbuni, zina rundo lake. Wengi huchambulia kule kule faktori. Baba hakutaka. Alisema kahawa huchambuliwa nyumbani kama nguo za ndani zinavyofuliwa nyumbani.

Jumatatu mchana akatandika gunia uani, akamwaga kahawa, akaketi kwenye kigoda chake kile kifupi. Nikaleta radio na katoni. Nilitarajia mahubiri. Baba akaokota kaseti ya kwanza, akaigeuzageuza, akamtazama yule Mzungu kwenye kifuniko jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Piga," akasema. "Na unieleze wanasema nini. Kabla sijachoma kitu mara ya pili, nataka kujua nachoma nini."

Hapo nikaelewa. Baba hakuwa na shida na Wazungu wale. Alitaka kujua mtoto wake alikuwa akisikiliza nini chumbani mle miaka yote, kama aliondoka na Mungu au aliondoka bila Mungu, na mtu wa kumuuliza hakuwapo. Angewauliza hawa. Na mimi ndiye mkalimani. Nikajiambia, leo nikitengeneza vizuri, huenda mdogo wangu akarudi nyumbani.

Kwa hivyo wimbo wa kwanza niliutengeneza. Ulikuwa wimbo wa mwanamume mmoja, gari lake, na msichana mwenye viatu vyekundu. Mwimbaji akapiga kelele, nami nikatafsiri, uso umenyooka: "Anasema, Bwana ni ngome yake, naye anamkimbilia mchana na usiku, na hatachoka njiani."

Baba aliendelea kuchambua. Wimbo ukaisha.

"Huyo amesema beibi mara kumi na mbili," akasema. "Beibi ndiye Bwana?"

Nikainamia kahawa.

"Na amesema maneno manne, wewe umesema ishirini. Hata kanisani nakuona, lakini kule nakuacha kwa sababu mgeni ni mgeni." Akaokota punje moja ya kijani kwenye rundo, akaniwekea kiganjani. "Hii ukiipaka rangi nyekundu, mimi nitadanganyika. Karani wa mizani atadanganyika. Mashine ya kumenya haidanganyiki. Itaivunja na kuitema. Nipe maneno yao, kama ni mabichi nipe mabichi."

"Baba, mengine ni aibu."

"Mimi nimezaa watoto wawili. Sikuwaokota."

Basi nikampa. Nilitafsiri nikiwa nimeangalia kahawa, masikio yananiwaka moto, habari za viatu vyekundu na mambo yaliyofuata viatu. Baba akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo anataka kuoa na hajui aseme vipi," akaiweka kaseti upande wa mbuni. Nikauliza kwa nini si mbichi. "Mbichi haijafika. Huyo amekaa juani sana."

Tuliendelea hivyo juma zima, kila mchana, kaseti na kahawa. Za kujisifu kwa pombe na za kumdhihaki Mungu, ambazo zilikuwa chache kuliko nilivyohofia, zilienda upande wa mbichi. Kulikuwa na moja ya mtu mwenye kiu aliyepita visima vyote vya mjini na kila alipokunywa kiu ilizidi. Baba akasimamisha mikono. "Huyo amekutana na yule mama Msamaria wa kisimani," akasema, "au yeye ndiye yule mama." Ikaenda upande wa nyekundu. Nyingine ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa nini mvua inawanyeshea wabaya. "Hilo swali hata sisi tumeuliza, ila hatukuwa na ngoma."

Kufika Jumatano mimi nilikuwa nimewaka. Jambo ukishaanza kulitafuta unaliona kila mahali. Nikamweleza baba kwamba hata vyombo vyenyewe, ngoma, gitaa na besi, ni vitatu lakini wimbo ni mmoja.

"Usizidishe," baba akasema.

Alhamisi tukafika kwenye kaseti ambayo mdogo wangu alikuwa ameisikiliza hadi maandishi yakafutika. Wimbo wa tatu ulianza na gitaa peke yake, polepole, na nikaujua. Ndio aliokuwa akijifundisha nao, anakosea, anarudia, anakosea palepale. Nikatafsiri mstari kwa mstari. Mtu ametembea, viatu vimekwisha. Amefika nyumbani kwao jioni. Taa inawaka dirishani, anawaona watu wanasogeza viti. Mbwa amekuja akamnusa akatikisa mkia. Kisha yale maneno anayoyarudia hadi mwisho: mbwa amenijua, mlango haujanijua, nimeinua mkono, na mkono ni mzito.

Kaseti ikaendelea kukwaruza. Baba alikuwa ameshika punje moja na hakuiweka upande wowote.

"Huo ni mfano wa mwana mpotevu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Baba yake yuko wapi?"

"Wapi?"

"Kwenye wimbo. Mwana ameimbwa, mbwa ameimbwa, hata viti vimeimbwa. Baba yake amesemwa wapi?"

Nikaurudisha nyuma kwa biro, tukausikiliza tena. Nikatafuta kwa bidii. Kama angekuwapo hata kwa kukohoa ningempa. "Hayumo, baba."

"Anaishia pale nje?"

"Anaishia nje."

Baba akaweka ile punje upande wa nyekundu, taratibu. "Basi huo wimbo haujaisha," akasema. Akaniomba niupige tena. Kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi tuliupiga mara kumi na moja, na nguvu ya betri zangu ikaishia humo.

*

Jumapili ya kufunga, moto ukawashwa uwanjani baada ya mahubiri. Vijana wakapanga mstari na kaseti zao, wengine wanalia, wengine, niliona kwa macho yangu, wanachoma za kaka zao. Mgeni alisimama kando ya moto akifurahi, na mimi kando yake, nikitafsiri maombi. Kisha mstari ukapasuka, baba akapita katikati na katoni ya sabuni begani.

Akaiweka chini, mbali kidogo na moto. Akatoa kaseti nne akazitupa motoni. Hizo ni za kwenye rundo la mbichi, na moja niliipenda kuliko zote, nayo hadi leo nasema alikosea. Halafu akageuka akawatazama watu akasema ana ushuhuda.

Kwetu mtu akisema ana ushuhuda, hakuna anayeweza kumzuia, hata askofu. Mgeni akaniinamia anataka kujua mzee anasema nini. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimetafsiri kwenda upande mmoja tu.

"Mimi nilishachoma," baba akaanza. "Kabla mgeni hajaja. Miaka miwili iliyopita nilichoma gitaa la mwanangu."

Nikalisema kwa Kiingereza. Sikuongeza wala kupunguza.

"Likapika githeri. Tukala. Mwanangu akaenda."

Nikasema hayo pia. Kwenye tukala sauti ikaniponyoka, kwa sababu mimi ndiye niliyepakua.

"Kahawa ikiwa na mbichi hatuchomi gunia. Tunamwaga chini, tunapiga magoti, tunachambua. Kila mtu hapa anajua. Lakini kwa mtoto wangu sikupiga magoti. Nilichoma gunia." Akavuta pumzi. "Tangu siku hiyo nikienda kuomba, njia naijua, nafika mpaka mlangoni. Siingii."

Mgeni akanitazama. Na Kiingereza changu kikaisha. Kile cha shuleni, cha kuandika barua ya kuomba kazi, kilikauka mdomoni kabisa. Nikatafuta huku na huku, na Kiingereza pekee nilichokipata chenye uzito wa maneno yale kilikuwa kimoja. Nikakisema, vile vile kilivyo, kwa maneno ya yule Mzungu mwenye nywele ndefu: mbwa amenijua, mlango haujanijua, nimeinua mkono, na mkono ni mzito.

Mgeni akafumba macho, akainua mikono miwili mbinguni. "Amina!" akasema kwa nguvu. "Amina! Amina!"

Baba Kiingereza hakijui. Lakini mstari ule alikuwa ameusikia mara kumi na moja, na aliujua kwa sauti yake kama unavyojua mlio wa lango lako. Akanitazama. Mimi nikatazama moto. Nikaona kwa pembe ya jicho ndevu zake zikitikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri yeye pia hakujua.

Akaichukua katoni yake, akaiweka begani, akaenda nyumbani.

Wazee wengine walimnunia hadi mavuno yaliyofuata. Lakini jioni hiyohiyo akina mama watatu walinijia nyuma ya kanisa, mmoja mmoja, wakitazama huku na huku kama wanaotafuta kuku. Kila mmoja ana kijana, na kijana ana kaseti. Je, nina nafasi Jumanne?

*

Kiambere ni mbali kwa mtu ambaye safari yake ndefu inaishia kwenye kahawa. Tulilala Kanja kwa shangazi, dada ya baba aliyeolewa huko Embu, naye alicheka tulipomwambia tunakokwenda. "Huyu," akasema akinionyesha kwa mwiko, "ametoka nyumbani? Basi Yesu yuko njiani." Asubuhi akatupa ndizi mbivu za kumpelekea kijana, tukashuka kuelekea Mbeere, na kila tuliposhuka baba alifungua kifungo kimoja cha koti. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, lile zito. Kwetu baridi, kule jua limekaa chini kama ng'ombe.

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa safu za vyumba vya mabati. Tukaonyeshwa mlango. Ilikuwa saa tisa mchana, siku yake ya mapumziko. Baba alishika katoni, mimi nikashika ndizi. Mbwa mmoja mwembamba akaja, akanusa viatu vya baba vilivyojaa vumbi jekundu, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na gitaa linapigwa.

Si ule wimbo wetu. Maisha hayapangwi vizuri hivyo. Ulikuwa wimbo nisioujua, na alikuwa anakosea, anarudia, anakosea palepale. Baba akaweka katoni chini. Akainua mkono ili abishe hodi, na mkono ukabaki hewani. Nikaona jinsi kucha zake zilivyokuwa bado nyeusi kwa utomvu wa kahawa.

"Bisha, baba," nikanong'ona.

"Ngoja."

"Unangoja nini?"

"Wimbo uishe. Mtu haingii katikati."

Hivyo ndivyo alivyotufundisha tangu wadogo, kwamba ukichelewa kanisani unasimama nje hadi maombi yaishe. Tukasimama. Jua lilitupiga. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mkono umeshuka, anasikiliza, na nilijua anajaribu kuchambua, lakini hakuwa na mkalimani kwa sababu wimbo haukuwa na maneno.

Ukaisha. Kabla baba hajainua mkono tena, mlango ukafunguliwa kwa kishindo na mdogo wangu akatokea na beseni la maji machafu, tayari kuyamwaga. Yalisimama ukingoni, nusu hatua kutoka kwenye koti la kanisani.

"Baba?"

"Maliza kumwaga maji yako," baba akasema, akasogea kando.

Mdogo wangu hakuyamwaga. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, amefuga ndevu ambazo hazikumfaa. "Mmekaa hapo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kukosea," nikasema.

Hakucheka. Alikuwa anatazama katoni. Aliijua. Baba akaiinua kwa mikono miwili, jinsi tunavyotoa malimbuko madhabahuni.

"Nimekuletea vitu vyako," akasema. "Nne hazimo. Zilikuwa mbichi. Zingine tumezisikiliza zote, mimi na dada yako." Akaisogeza katoni mbele. "Ile ambayo maandishi yamefutika, wimbo wa tatu. Yule mtu amesimama nje sana. Nimekuja tusaidiane kuumaliza."

Mdogo wangu alitazama katoni, akatazama kucha za baba. Kisha akaliweka beseni mikononi mwangu, na maji yake yote, akaipokea katoni.

"Ingia, baba," akasema.

Baba akavua kofia, akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia. Mlango ukarudi wenyewe nyuma yao. Mimi nikabaki juani na ndizi na beseni, nikisikia sauti zao ndani, moja nzito na moja nyembamba, wakati mwingine zote mbili pamoja. Nilisogea kidogo ili nisikie wanasema nini. Halafu nikarudi nyuma, nikamwaga maji, nikaketi juu ya lile beseni. Siku hiyo mkalimani hakuhitajika.